Kabla ya kununua kamshafti, tazameni hedi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na vijana wanaoongeza nguvu za injini za Corolla hapa Mwanza. Karibu kila ninayezungumza naye huanza kwa kununua kamshafti kali, kwa kuwa ni rahisi kusafirishwa, na ule mngurumo wa kusitasita gari likiwa limesimama huwageuza shingo wapita njia.

Kamshafti huamua valvu ifunguke lini, kwa muda gani na kwa kimo gani, lakini hewa inayopita katika uwazi huo hutegemea hedi, yaani kichwa cha injini kinachofunika silinda na kubeba valvu. Mfano tunao mikononi mwetu: injini za Toyota za 4A-FE na 4A-GE zina ujazo uleule wa sentimita za ujazo 1,587, silinda zenye kipenyo cha milimita 81 na mwendo wa pistoni wa milimita 77, ila katika hedi ya GE, ambayo Yamaha walishiriki kuibuni, valvu zimeachana kwa pembe ya nyuzi 50, ilhali za FE zimebanana kwa nyuzi 22 hivi. Pembe hiyo pana huacha nafasi ya valvu kubwa, na nafasi hiyo kamshafti haiwezi kuileta.

Mimi mwenyewe niliwahi kufunga kamshafti inayoacha valvu wazi kwa muda mrefu kwenye hedi ya FE ambayo haikuguswa. Chini ya mizunguko 4,000 kwa dakika gari lilipanda kilima cha Bugando kwa kusihiwa, na kanyagio la breki likawa gumu, kwa sababu valvu za kuingiza na za kutoa zilikaa wazi pamoja muda mrefu mno, utupu unaosaidia breki ukapungua. Valvu ya kuingiza nayo ilichelewa kufunga, mgandamizo wa hewa ndani ya silinda ukavuja. Ziwa letu liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa tayari ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban sehemu moja ya kumi. Injini zetu hazina mgandamizo wa kuchezea.

Kuna jambo jingine linalonikera. Wauzaji hutaja muda wa valvu kukaa wazi kwa nyuzi za mzunguko wa injini, mathalani 264 au 288, bila kusema zimepimwa valvu ikiwa imeinuka kiasi gani. Wamarekani wengi hupimia kwenye milimita 1.27, wengine kwenye milimita 1, na wengine pale valvu inapoanza tu kuinuka, hivyo kamshafti mbili zenye namba moja zaweza kutofautiana kabisa. Aidha, anayesaga hedi ili kuongeza mgandamizo akumbuke kwamba hedi ikishuka, majira ya kamshafti inayoendeshwa kwa mkanda, yaani wakati wake wa kufungua na kufunga valvu, huchelewa kidogo, na lazima yapimwe upya kwa diski ya kupimia nyuzi za mzunguko wa injini kabla injini haijawashwa.

Kwa hiyo namshauri mwenye FE aweke akiba anunue hedi ya GE pamoja na pistoni zinazoendana nayo, na kamshafti za kiwandani aziache zilivyo mpaka atakapoliendesha gari kwa miezi michache.

Msomaji wako,
Mkazi wa Nyegezi, Mwanza