Barua kwa vijana wa mkonge, kabla hamjagawana hizo fedha

Vijana wangu wa ushirika, wa kike na wa kiume,

Salaam aleikum, na Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima, isipokuwa goti.

Siku ile ya mkutano mkuu nilikaa nyuma kabisa, chini ya mwembe, nikawasikia. Mwaka umekuwa mzuri, chama kimebakiwa na fedha, na mwenyekiti hajamaliza kusoma taarifa mkaanza: "Tugawane! Tugawane!" Yule binti aliyesema sehemu ya fedha ikarabati korona, ile mashine ya kuchuna majani ya mkonge yatoe nyuzi, na kuwasomesha vijana wawili ufundi mlimzomea mpaka akakaa. Sikusimama kumtetea, na jambo hilo linaniuma. Lakini mzee akisimama katikati ya kelele hupigiwa makofi ya heshima, kisha hakuna anayekumbuka alichosema. Ndiyo maana naandika.

Nimezaliwa kwenye kambi ya mkonge, hapa hapa Korogwe. Baba alikuja kutoka Songea akiwa manamba, yaani kibarua wa mkataba aliyeletwa kutoka mbali, na kipande chake, kadi ya kuhesabia siku za kazi, mfukoni. Siku 30 za kazi zikitimia ndipo analipwa. Siku ambayo hakumaliza kipimo ilihesabiwa kama hakuamka. Alikata majani kwa kisu cha aina ile ile, kwa mtindo ule ule, tangu alipofika hadi mgongo ulipogoma. Sijapata kuona mtu mvumilivu kama yeye. Na siku yake ya mwisho shambani alikata mafungu yale yale aliyokata akiwa kijana, pengine pungufu. Kwa hiyo msiniambie kwamba maskini ni mvivu. Na msiniambie jasho peke yake hutajirisha, maana zile kambi zingekuwa na maghorofa.

Mkonge wenyewe ni mgeni hapa. Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893. Iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na hiyo 62, kufikia mwaka 1964 tulikuwa tunazalisha karibu tani 230,000 kwa mwaka, na dunia nzima hakuna aliyetupita. Mimi nilikuwa kijana mdogo. Watu wa Tanga walinunua baiskeli na redio, tukadhani ndivyo mambo yatakavyokuwa siku zote.

Ila tani zile zilipatikanaje? Zaidi kwa kufyeka pori jingine na kuleta manamba wengine. Ukiongeza shamba na mikono, tani zitaongezeka, hilo halina ubishi. Lakini gawanya zile tani kwa idadi ya waliozitoa, uone kila mmoja anabaki na nini. Halafu bei ikaanguka. Kamba za plastiki ziliingia sokoni, Brazil nao wakajaza singa zao, yaani nyuzi za mkonge, na wanunuzi hawakuwa na sababu ya kutubembeleza. Mwaka 1967 sehemu kubwa ya mashamba ikataifishwa. Mpaka mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa tumeshuka hadi tani 20,000 hivi. Kila mzee hapa kijijini ana mtu wake wa kulaumu, na kahawa ya jioni huisha kwa ugomvi huo. Wengi hulaumu utaifishaji peke yake. Mimi nasema bei ilianza kushuka kabla yake, na kwamba hata baadaye kosa kubwa lilikuwa la kimya kimya: mkonge mzee haukung'olewa kupandwa mpya, na fundi aliyestaafu hakuacha mwanafunzi. Mkonge unakungoja miaka mitatu hivi kabla ya kukatwa mara ya kwanza. Asiyepanda mwaka huu hajioni amekosea. Hasara anaikuta mbele.

Mjukuu wangu anasoma uchumi, na likizo iliyopita alinieleza habari za Mmarekani mmoja, Robert Solow. Mwaka 1957 alitoa hesabu ya kazi ya Wamarekani kuanzia 1909 hadi 1949. Katika miaka hiyo 40, kile kinachotoka katika saa moja ya kazi kilikuwa kimeongezeka maradufu. Alipotafuta sababu, akaona kwamba kuongezeka kwa mashine na majengo kunaeleza sehemu moja tu kati ya nane. Zile saba zilizobaki aliziweka kwenye fungu la ufundi, yaani namna ya kufanya kazi. Nilimwambia mjukuu, hilo mbona ninalo kwenye daftari.

Nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo ninapojua. Nilipofanywa fundi wa korona, meneja wetu alikuwa akilia kila siku kwamba mashine imechoka, tunahitaji nyingine. Mimi nikanunua daftari. Kila korona ikisimama naandika: imesimama saa ngapi, imewaka saa ngapi, na kwa nini. Wenzangu walinicheka, wakaniita karani. Baada ya miezi mitatu tukafungua daftari. Visu kuwa butu, kidogo. Maji kukatika, kidogo. Muda mwingi kuliko yote korona ilikuwa inasubiri majani! Yanakatwa Jumatatu, trekta linayafuata Jumatano. Na ninyi mnajua jani likilala siku mbili juani linafanya nini: linanyauka, halitoi nyama vizuri, na singa inatoka na madoa, bei yake inaanguka daraja. Kwa hiyo tulikuwa tunapoteza mara mbili. Tukapanga upya zamu za wakataji zifuatane na zamu za trekta, ili asubuhi kikatwe kile tu kitakachobebwa mchana. Basi. Hatukununua hata boliti. Watu wale wale, korona ile ile "iliyochoka", na banda la kukaushia likaanza kujaa hadi tukakosa kamba za kuanikia.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mimi naongeza kwamba hata kazi bila daftari huisha vivyo hivyo.

Jambo la pili ni hili la Mlingano, pale Ngomeni, Muheza. Kituo chetu cha utafiti ndicho kilichotoa ule mkonge chotara, namba 11648, unaotoa majani mengi kuliko ule wa Hindorf kabla haujatoa mlingoti, lile shina refu la maua, na kufa. Katika miaka ya 1960 Wachina waliuchukua. Leo ndio uliotawala mashamba yao ya Guangxi na Guangdong, na kwa hekta moja wao wanavuna mara kadhaa ya sisi. Mbegu ni ya Tanga. Wametuibia? Hapana. Zamani mama alikuwa akinituma kwa jirani na kigae kuomba kaa la moto. Narudi na moto, na wa jirani haujapungua. Ujuzi ndivyo ulivyo, na mjukuu ananiambia kuna mchumi mwingine, Paul Romer, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kazi yake juu ya jambo hili hili. Ila kaa la moto halipiki ugali bila kuni. Wachina walilitilia kuni: mbolea, chokaa, na watafiti waliokaa kwenye zao moja miaka mingi. Sisi tuliotoa moto tuliacha jiko lipoe.

Mtaniuliza, faida yake kwetu ni nini, kama si leo? Chukueni hesabu hii rahisi. Gawanya 70 kwa asilimia ya ukuaji, unapata miaka ya pato kuongezeka maradufu. Nchi yetu kwa takribani miongo miwili kabla ya Korona ya ugonjwa (si ya mkonge) ilikua kwa kama asilimia 6 kwa mwaka. Mngesema miaka 12 inatosha. Lakini sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 44.9, ya 2022 ikahesabu milioni 61.7, ongezeko la asilimia 3.2 kila mwaka. Kinachobaki kwa kila mdomo ni kama asilimia 3, na hiyo ni miaka 23. Mtoto anayenyonya leo atakuwa ameoa. Na hiyo tatu ikipungua hadi asilimia moja, itakuwa miaka 70, umri wa mzee kama mimi. Tofauti ya asilimia mbili inaonekana ndogo kwenye mkutano.

Sitawadanganya kwamba mashine haina madhara. Akina mama wa brashi, waliokuwa wakisafisha singa kavu, walipopunguzwa katika shamba letu, hakuna aliyewauliza watakula nini, na maji machafu ya korona tuliyaachia mtoni kwa miaka mingi tukijua. Katika kilo 100 za majani, singa kavu ni kilo nne hivi au pungufu; nyingine zote tulizitupa. Pale Hale yale mabaki yalishawahi kugeuzwa gesi ya kuzalishia umeme. Kwa hiyo mkikarabati, ulizeni pia nani anapoteza kibarua, na uchafu unakwenda wapi. Swali hilo liulizwe na ninyi wenyewe kabla ya mtu wa nje.

Sisemi msigawane kabisa. Kuna ada za watoto, na kuna aliyeezekea makuti. Gaweni nusu. Nusu iende kwenye korona, miche mipya na vijana wawili, na mmoja wao awe yule binti mliyemzomea.

Madaftari yangu saba yapo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Mchwa wameshakula jalada la la kwanza. Aje mtu mwenye mwandiko mzuri ayanakili. Asubuhi nipo, mchana huwa nalala.

Mzee wenu,
fundi mstaafu wa korona, Korogwe