Barua ya wazi kwa Kamanda: gari la doria lipo, wa kulitumia hajafundishwa

Kwako Afande Kamanda unayesimamia vituo vya polisi vya upande wetu,

YAH: MAFUNZO YA MATUMIZI YA GARI LA DORIA NA UFUNGUO WA AKIBA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakusalimu kwa heshima zote. Mimi ni mfanyabiashara wa asali na nta, mkazi wa mkoa wa Tabora, na kabla ya biashara hii nilikuwa dereva wa malori katika barabara za kwenda Kigoma, Mpanda na Singida. Jambo hili nimelifikisha kituoni kwa mdomo, kisha kwa barua niliyoipeleka kwa mkono, na kila mara nimeambiwa nisubiri. Nimesubiri. Wiki iliyopita wezi wamevunja ghala langu na kumvunja mkono mlinzi wangu, huku gari la doria likiwa limesimama uani kwa kituo, lina mafuta, lina matairi mazima, linalia honi, na askari wamelizunguka hawajui pa kuanzia. Ndiyo maana leo naandika hadharani. Jina la kituo silitaji, kwa sababu askari wale hawakukataa kuja. Walitaka kuja wakashindwa, na lawama ya kushindwa kwao naiona kwa waliowakabidhi gari bila kuwafundisha.

Afande, naomba nikukumbushe siku gari lile lilipopokelewa. Wananchi tuliitwa uwanjani, wanafunzi wakaimba, nawe ukasimama ukatuahidi mambo mawili: kwamba hakuna askari atakayekabidhiwa ufunguo kabla ya kufundishwa gari lenyewe, na kwamba mwananchi akipiga simu usiku, gari litatoka. Tulikupigia makofi kwa moyo mweupe, maana kituo kile tulikijenga sisi kwa michango ya saruji na kwa kubeba mawe, na katika mkoa huu watu tunajua gharama ya kujilinda wenyewe. Sungusungu, yaani walinzi wa jadi wa vijiji, walianzia huku kwetu Unyamwezini na Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati ambapo msaada ulikuwa mbali. Hatukuchangia kituo ili turudi kwenye mishale na filimbi.

Usiku wa tukio mlinzi alinipigia simu kwamba watu wamekata kufuli. Nikapiga kituoni, askari wa zamu akapokea mara moja na kunijibu kwa adabu kwamba wanakuja. Muda ukapita, simu ya mlinzi ikawa haipokelewi, nikaona kukaa ni kumtelekeza, nikapanda bodaboda hadi kituoni. Nilichokikuta ni hiki: mlango wa dereva uko wazi, taa za pembeni zinawaka na kuzima, honi inalia kwa vipindi, na askari kijana ameielekeza rimoti kwenye kioo akiibonyeza kwa vidole gumba vyote viwili. Rimoti yenyewe ilikuwa imefungwa kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli ili isiachane, na kitufe cha kufungulia kimelika hadi alama yake imefutika. Kile kitaa chekundu kidogo, ambacho huwaka kila unapobonyeza, hakikuwaka hata mara moja.

Niliwaambia kwamba betri ya rimoti imekwisha. Wakasema wamefungua mlango kwa ufunguo wa chuma, sasa mbona injini haiwaki? Swali lao lilikuwa la haki kabisa, na jibu lake lingechukua dakika chache katika mafunzo ambayo hayakufanyika. Ufunguo wa namna ile hubeba vitu viwili tofauti. Kuna kijidude cha imobilaiza, yaani kinga ya kiwandani dhidi ya wizi, ndani ya kichwa cha ufunguo, ambacho hakihitaji betri yoyote, kwa kuwa koili iliyozunguka tundu la swichi ndiyo inayokipa nguvu na kukisoma. Kikitambulika, injini inaruhusiwa kuwaka. Kisha kuna rimoti, ambayo inahitaji betri, na kazi yake ni kufungua milango na kuzima alamu. Kama gari lina mfumo wa kiwandani peke yake, betri ya rimoti ikifa unafungua kwa chuma, unaingiza ufunguo, unawasha, safari inaendelea. Hata yale magari ya kuwasha kwa kitufe, mengi yake ukiusogeza ufunguo karibu na kitufe cha kuwashia utatambulika ingawa betri imekufa.

Gari letu halikuwaka, kwa hiyo nakisia kwamba lilifungwa alamu nyingine baadaye na fundi, ya zile zinazokata umeme wa swichi ya ufunguo pamoja na starta mpaka izimwe kwa rimoti yake yenyewe. Mlango ukifunguliwa bila rimoti hiyo, alamu inakuhesabu wewe mwizi hata ukiwa umevaa sare. Alamu za aina hiyo kwa kawaida huwa na swichi ya siri ya kuizima kwa dharura, na mahali ilipofichwa sitapaandika hapa hata ningepajua. Ila mtu anayetakiwa kupajua ni askari wa zamu, na usiku ule hakuna aliyepajua. Dereva anayelielewa gari alikuwa likizo. Kitabu cha maelezo kilikuwa kwenye droo ya dashibodi, bado kimo ndani ya nailoni yake, hakijafunguliwa tangu gari lilipokuja, nacho kimeandikwa kwa Kiingereza. Ufunguo wa akiba, niliambiwa, umefungiwa makao makuu mjini, ili usipotee.

Nakuuliza kwa heshima, Afande: ufunguo wa akiba unaokaa mbali na gari lake kwa mwendo wa saa kadhaa umewekwa kwa ajili ya dharura ya nani?

Nikawaomba basi waite gari la doria la kituo cha jirani, kwa sababu njia pekee ya kutokea na mzigo inapita upande ule. Doria hiyo ilikuwa porini ambako simu za mkononi hazishiki, lakini ndani ya gari lao wana redio ya upepo. Na redio ya upepo iliyokuwa nzima kituoni kwetu ilikuwa moja tu, ile iliyomo ndani ya gari, ambayo imeungwa kwenye swichi ya ufunguo. Alamu ikikata umeme wa swichi, redio nayo haina umeme. Najua sababu ya mafundi kuunga hivyo: ukiiunga moja kwa moja kwenye betri, askari akiisahau usiku kucha, asubuhi gari linasukumwa. Lakini kati ya njia hizo mbili ipo ya tatu, nayo ni kuipa redio waya wake, fyuzi yake na swichi yake inayojizima baada ya muda. Huko Marekani, magari ya polisi ya Ford yametengenezwa yakiwa na utaratibu wa kuacha injini ikiunguruma huku ufunguo umetolewa, ili taa za kimulimuli na redio zisinyonye betri wakati askari yuko nje, na mtu asiye na ufunguo hawezi kuliondoa. Siombi hayo. Naomba redio iongee gari likiwa limezimwa.

Mlinzi wangu alipelekwa hospitali kwa bajaji usiku uleule, nami nikabaki na ghala tupu. Ndoo za asali zilizobebwa ni za wafugaji nyuki walioniamini msimu huu wa kurina, watu waliolala porini wakipanda miti kwa kamba kuifikia mizinga yao, na wengi wao nilikuwa sijawalipa kwa sababu mnunuzi alikuwa hajafika. Wanakuja nyumbani kwangu sasa, wanakaa barazani, hawagombi, wanauliza tu. Mke wangu ameuza mbuzi ili tuwape angalau nauli ya kurudia. Ada ya shule ya kidato imesimama. Mlinzi ana familia, mkono wake wa kulia uko kwenye plasta ngumu, na kazi nyingine haijui.

Kulipokucha nilikwenda kwa fundi saa nikanunua betri ya rimoti, ile bapa ya volti 3 yenye maandishi CR2032, ambayo bei yake haifiki bei ya sahani ya wali nyama. Tukaibadilisha mezani kwa askari. Kitaa chekundu kikawaka, alamu ikanyamaza, injini ikaitika papo hapo. Askari yule kijana aliinamisha kichwa, nami sikupata la kumwambia.

Gari hilohilo ndilo lililotuchukua na fomu ya PF3, ile ya polisi ya matibabu ya majeruhi, kumfuata mlinzi hospitali, kisha kumhamishia kwenye picha za mionzi, na niliyoyaona humo ndani yamenifanya nisiweze kunyamaza. Vifungio vya mikanda ya kiti cha nyuma vilikuwa vimefukiwa chini ya kava la kiti, na ule wa mbele askari alikuwa ameufunga nyuma ya mgongo wake ili gari lisimpigie kelele. Sisi raia tunatozwa faini kwa Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 tusipojifunga, na ni sawa tutozwe, kwa maana Shirika la Afya Duniani linasema mkanda unaweza kupunguza hatari ya kifo kwa aliyemo garini hadi nusu. Askari naye ni mwili. Taa ya eabegi, yaani mfuko wa hewa wa kumkinga mtu wakati wa ajali, ilikuwa inawaka kwenye dashibodi, maana yake mfumo umejiona una hitilafu na huenda eabegi isifunguke siku ya ajali, na mtu amebandika kipande cha utepe mweusi juu ya taa ili isimsumbue machoni. Juu ya kifuniko cha eabegi ya abiria kumepigwa skrubu ndoano ya kutundikia maiki ya redio. Eabegi hufunguka kwa kasi isiyompa mtu nafasi hata ya kufumba macho, na chochote kilichofungwa mbele yake kitarushwa usoni pa aliyekaa hapo.

Maiki yenyewe ilikuwa imeteleza na kukaliwa na askari pajani. Taa nyekundu ya redio ilikuwa inawaka muda wote, ikimaanisha kitufe cha kuongelea kimebanwa, na kitufe kikibanwa hivyo kila anayetumia chaneli hiyo anazibwa mdomo. Nilimgusa bega nikamwonyesha. Alishukuru, akaniambia wao huwa wanadhani mtandao umeharibika. Alipoita kituo, neno lake la kwanza lilikatika kwa sababu alianza kusema kabla kitufe hakijakaa. Ukibonyeza, unatulia kidogo, ndipo unasema. Hayo hujifunza kwa asubuhi moja mtu yeyote aliyeonyeshwa.

Tulipofika hospitali mara ya pili, askari wawili walishuka kwenda mapokezi, na mlinzi aliyekaa nyuma akavuta kitasa kwa mkono wake mzima, mlango ukagoma. Ilikuwa loki ya watoto, kile kijiti kidogo kwenye ukingo wa mlango, ambacho kikishushwa mlango haufunguki kwa ndani. Kwa kubeba mtuhumiwa kina maana. Kwa kubeba majeruhi, katika jua la Tabora na vioo vimepandishwa, lazima anayeendesha ajue kipo na akumbuke kwamba nyuma ameketi mtu asiyeweza kujitoa. Je, gari likipinduka na askari wa mbele wamezimia, nani atamfungulia?

Afande Kamanda, nilianza kuandika nikiwa na maombi mengi: mafunzo kwa kila askari anayeshika ufunguo, si dereva peke yake, maelezo ya gari kwa Kiswahili, kurasa chache, yabandikwe ukutani, redio iungwe upya, mikanda itolewe chini ya makava, taa ya eabegi ipelekwe kwa fundi badala ya kuzibwa. Yote hayo uliyaahidi kwa neno moja pale uwanjani, ulipotamka kwamba watafundishwa. Bado nayadai yote. Lakini nimeambiwa bajeti, nimeambiwa utaratibu, nimeambiwa maelekezo kutoka juu, na wakati tunangoja hayo usiku unaingia kila siku.

Basi anza na moja lisilohitaji bajeti. Rudisha ufunguo wa akiba kituoni. Ukae mezani kwa askari wa zamu, kwenye droo yenye kufuli, uandikwe kwenye kitabu cha makabidhiano kila zamu inapobadilishana, na rimoti yake iwe na betri nzima. Anayepokea zamu awashe gari mbele ya anayeondoka, afungue redio, aite, ajibiwe, ndipo atie saini. Na kila askari wa kituo kile, awe dereva au asiwe, aonyeshwe namna ya kuizima alamu rimoti ikifa. Ufunguo wa akiba urudi kituoni, Afande. Nimeliandika hili katika barua yangu ya kwanza, naliandika tena hapa mbele ya watu, na nitakuja mwenyewe kituoni kuuliza kama umerudi.

Naomba kuwasilisha.

Mfanyabiashara wa asali na nta, Tabora

Nakala: Wananchi wote tuliochangia ujenzi wa kituo