Kuta za Thimlich Ohinga zinahitaji mafundi wa mawe kabla ya hoteli

Mhariri,

Kila mjadala wa utalii wa Nyanza ukianza, mambo mawili hayakosi kutajwa: lami hadi langoni na hoteli ya kifahari. Lami hatuipingi. Lakini sisi tunaoongoza wageni na kufanya kazi za mawe upande huu tunaona swali moja linarukwa, nalo ndilo litakaloamua kama Thimlich Ohinga itaendelea kuwa na kitu cha kutazamwa. Kuta zikiporomoka, nani atazipanga upya, na atazipanga vipi?

Kwa msomaji ambaye hajafika, maboma haya ya mawe yako Nyatike, Kaunti ya Migori, kilomita 46 hivi kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori. Yanakadiriwa kujengwa katika karne ya 16, na mwaka 2018 UNESCO iliyaingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Maboma makubwa ni manne: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Kuta zina kimo cha mita 1.5 hadi 4.5 na unene wa mita 1 hadi 3, na hakuna saruji wala udongo uliotumiwa kuyagandisha mawe. Ndani utaona mashimo ya misingi ya nyumba na mazizi ya mifugo, na pia kuna dalili za kuyeyusha chuma. Hapa ni mahali pamoja tu. Kandokando ya Ziwa Victoria, upande wa Kenya, kumeorodheshwa vituo 138 vyenye majengo 521 ya aina hii.

Ukuta wa namna hii una sehemu tatu: uso wa nje, uso wa ndani, na katikati mawe madogo ya kujazia. Wengi hudhani kazi yote inafanywa na yale mawe makubwa yanayoonekana. Sivyo. Yale madogo ya katikati ndiyo yanayozishika nyuso mbili zisiachane. Yakizama au yakichomolewa, uso mmoja huanza kutoa tumbo, na ukuta ukishatoa tumbo hauvumilii misimu mingi ya mvua. Dalili hii haionekani ukisimama mbele yake. Nenda mwishoni mwa ukuta, weka shavu karibu na mawe, ufuatishe mstari kwa jicho moja kama fundi anayekagua ubao. Penye uvimbe wa upana wa kiganja, kazi ianze mwaka huo huo.

Kinachoanzisha uharibifu mara nyingi ni kitu kidogo. Mbuzi hupenda kupanda juu ya kuta. Mgeni naye hupanda ili apigwe picha. Hakuna kati yao anayeangusha ukuta kwa siku moja, ila kila mmoja husogeza mawe ya juu, na mawe ya juu ndiyo yanayobana kwa uzito wake yote yaliyo chini. Jiwe la juu likitoka, maji huteremka moja kwa moja katikati yakibeba vumbi na kokoto, na vile vijazio hushuka. Kisha kuna miti. Mzizi hupenya kwenye ufa ukiwa mwembamba kama kidole, halafu unanenepa. Wapo wanaong'oa mche kwa nguvu wakiona wanasaidia, kumbe mzizi unatoka na mawe matatu. Mche ukatwe kwa msumeno karibu na ukuta, kisiki kiachwe kife na kuoza polepole, na vichipukizi viendelee kukatwa kila vinapotokea. Mti uliokwisha kuwa mkubwa na kuukumbatia ukuta usiguswe kabla mtaalamu hajaamua, kwa sababu huenda sasa ndio unaoushikilia.

Tukija kwenye ukarabati wenyewe, kwanza piga picha sehemu iliyoanguka kutoka pande zote na uyatie nambari mawe makubwa kwa chaki, kabla ya mtu yeyote kuinua chochote. Bomoa kilicholegea hadi ufikie mawe ambayo hayatikisiki ukiyasukuma kwa mguu. Yatandaze chini kwa mafungu: makubwa karibu na ukuta, ya wastani nyuma yake, madogo ya kujazia peke yake, nayo mawe ya kizingiti cha mlango yawekwe kando kabisa yasije yakatumiwa kwingine. Vuta kamba mbili, moja kila upande, zikifuata mkao wa ukuta uliosimama jirani. Hapa mafundi wa nyumba hukosea sana. Wamezoea timazi, kwa hiyo wanataka kuunyoosha ukuta ambao wazee waliupinda makusudi. Mipindo ile, pamoja na mawe ya kuegemeza yaliyopangwa kandokando, ndiyo inayoupa ukuta nguvu ya kusimama bila kugandishwa.

Kila jiwe lilazwe urefu wake ukielekea ndani ya ukuta. Ukililaza kuufuata uso utamaliza haraka na kazi itapendeza machoni, lakini umebandika ganda tu. Jiwe moja likalie mawili, mawili yakalie moja, maungo yasipande wima safu baada ya safu. Penye jiwe refu la kutosha kushika nyuso zote mbili, lilazwe likipitiliza. Vijazio vipangwe kwa mkono katika kila safu kabla ya kupanda nyingine. Ukivimwaga kwa sepetu mwishoni vitaacha mapango yasiyoonekana. Jiwe linalocheza halitulizwi kwa kikokoto kilichochomekwa kutoka nje, maana kitatoka baadaye. Kabari huingia kwa nyuma, ndani ya ukuta.

Kazi ni nzito na bajeti iseme hivyo. Chukua kipande chenye unene wa mita 2 na kimo cha mita 3. Mita moja tu ya urefu wake ni mita 6 za ujazo, na hata ukiondoa nafasi tupu kati ya mawe, hapo pana zaidi ya tani 10. Fundi mzoefu wa kuta za kawaida za shambani hupanga mita 2 au 3 za mraba kwa siku. Ukuta mnene namna hii na wa kihistoria unakwenda polepole zaidi. Kwa hiyo anayeahidi kuinua sehemu kubwa iliyoanguka kwa wiki moja akitumia vibarua wanne, ama hajui kazi au ana mpango wa kutumia saruji.

Na saruji ndiyo hofu yetu kuu. Mvua ikinyesha, ukuta mkavu hupitisha maji katika maelfu ya nyufa na kukauka. Ukipakwa saruji, maji hukwama nyuma yake, udongo wa chini hulowa, na uzito wote hukalia tope. Isitoshe, ardhi ikitulia kidogo mawe makavu husogea pamoja na kukaa upya, ilhali saruji hupasuka na kuanguka kipande kizima. Jiwe lililoshikwa na saruji haliwezi kutumika tena bila kupigwa nyundo na kuvunjika. Mtu asijichukulie hatua hata kwa nia njema: eneo hili la kihistoria liko chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, na Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inalinda kila jiwe.

Kwa mfano wa namna ya kutunza kuta na wageni pamoja, tunaitaja Ayalandi, kwa sababu huko nako kuna maboma ya mawe makavu yaliyo mbali na miji mikubwa. Katika kaunti ya Kerry, juu ya kijiji cha Castlecove, ipo ngome ya Staigue, inayokadiriwa kujengwa kati ya mwaka 300 na 400. Ni duara la upana wa mita 27 hivi kwa ndani, kuta zinafika mita 5.5 kwa kimo na mita 4 kwa unene, mlango ni mmoja na mfupi, na upande wa ndani kuna ngazi za mawe. Barabara inayopanda kutoka kijijini ni nyembamba. Hapo ngomeni hakuna hoteli. Wageni hulala na kula katika vijiji, kwa sababu Staigue haiuzwi peke yake. Jirani ni Caherdaniel, na hapo ipo nyumba ya Derrynane, makao ya mwanasiasa Daniel O'Connell aliyeishi kuanzia 1775 hadi 1847, pamoja na ufuo wa mchanga na magofu ya abasia kwenye kisiwa kidogo ambacho mtu hukifikia kwa miguu maji yakitoka. Njia ya miguu ya Kerry Way, yenye zaidi ya kilomita 200, hupita Caherdaniel. Mgeni aliyekuja kuona ukuta hujikuta amekaa siku tatu.

Jambo la pili kutoka huko ni kubwa zaidi. Kupanga mawe makavu bado ni kazi ya watu hai, inafundishwa na kulipwa, na mwaka 2024 Ayalandi iliunganishwa na nchi nyingine za Ulaya ambazo ufundi huo umetambuliwa na UNESCO kama urithi usioshikika. Ukuta ukianguka kule, yupo wa kuitwa.

Nyatike haikosi vivutio vya kuunganisha. Ziwa liko Karungu. Macalder kuna historia ya mgodi wa shaba na dhahabu. Upande wa Homa Bay kuna mbuga ya Ruma, yenye ukubwa wa kilomita 120 za mraba, maskani ya mwisho ya korongo (yule mnyama mkubwa wa jamii ya swala, si ndege) katika Kenya. Anayepitia Ruma asivae buluu wala nyeusi, rangi hizo huwavuta mbung'o. Anayetoka Kisumu kwenda Thimlich aondoke alfajiri, na katika mvua za Machi hadi Mei aulize hali ya njia kabla ya kuiacha lami, kwani udongo mweusi ukilowa hata gari la juu huteleza. Alipe kiingilio kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, akiwa bado mjini, mtandao usije ukamsumbua. Abebe maji, avae viatu vilivyofunika vidole, na asiingize mkono kwenye tundu la ukuta, maana nyoka hupenda mawe yenye joto. Na tafadhali, picha zipigwe miguu ikiwa ardhini.

Ombi letu kwa kaunti na Makavazi ni moja. Kabla ya shilingi ya kwanza ya lango jipya, tengeni fedha za kufundisha vijana. Wapo wanaochimba dhahabu Macalder, wanaojua uzito wa jiwe na jinsi ya kulisogeza kwa mtaimbo bila kuvunja vidole. Ila wasijifunzie kwenye Kochieng. Waanze Januari na Februari, kabla ya mvua, kwa kujenga zizi la mbuzi katika shamba la mkazi aliyekubali: ukuta wa mita 5, kimo cha mita 1.2, upana wa sentimita 70 chini na 40 juu. Uachwe upigwe na mvua za masika na za vuli, mbuzi wakiwemo ndani. Walioujenga ukasimama bila tumbo ndio wapewe glavu na kuitwa kwenye maboma.

Waelekezi wa wageni na mafundi wa mawe,
Migori na Kisumu