Barua ya wazi kwa watoto na wajukuu wa mdogo wangu, kabla hamjafungua ile stoo

Wanangu na wajukuu zangu,

Mwangaluka. Poleni tena. Nawaandikia mlioko Mwanza, Geita, Dar es Salaam na yule mmoja aliyeko Uingereza. Nimeamua kuandika mahali pa wazi kwa sababu kando ya Ziwa Victoria ziko nyumba nyingi zilizofiwa na mzee wa aina ya baba yenu, na stoo yake imepigwa kufuli ikimsubiri mnunuzi wa vyuma chakavu. Nao wakisoma, wachukue kinachowafaa.

Nimesikia kwamba mkija kwenye arobaini mtagawana alivyoviacha. Nyumba, kiwanja na wale ng'ombe waliobaki kule Magu wana wazee wa ukoo wa kuwasimamia, siingii huko. Mimi nasemea stoo ya nyuma, ambayo mmekubaliana isafishwe ili chumba kipangishwe. Nawaomba msiifungue kwa nia hiyo.

Siku ya mazishi ulisomwa wasifu wa marehemu. Alizaliwa, akasoma, akaajiriwa ukarani kwenye kinu cha pamba, akastaafu, ameacha mjane, watoto na wajukuu. Mwishoni ikaja sentensi moja: alipenda pia mpira na uvuvi. Nilikaa pale chini ya turubai nikaona mtu niliyemfahamu tangu anatambaa ameachwa nje ya wasifu wake mwenyewe. Mdogo wangu hakuwa mtu wa kuwaita watoto sebuleni awape mawaidha. Alichukua ndoano, au daftari, au kamera, akasimama mlangoni akauliza, "Nani anakuja?" Aliyeitika ndiye aliyekuwa na baba siku hiyo. Ninyi mlilelewa huko. Mkiviita vitu vile takataka za stoo, mnayaita takataka malezi yenu.

Nianze na daftari la maji, maana najua baadhi yenu hamjui lilivyoanza. Mvua za mwaka 1961 zilikuwa kubwa mno, na ziwa likaendelea kupanda mpaka 1964, zaidi ya mita mbili. Mihogo yetu ya ufukweni ilizama tukiitazama. Baba yenu alikuwa mtoto, lakini badala ya kulia kama sisi alikwenda na mkaa akachora mstari kwenye jiwe kuona maji yatafika wapi kesho. Mkaa ulifutika, akahamia kwenye rangi. Tangu hapo hakuacha. Kila mwezi alishuka jiweni, akapima, akaandika tarehe, kiwango, upepo, na samaki waliokuwa wakipatikana. Mwaka 2006 maji yalipokauka hadi watu wakaanza kulima palipokuwa ziwa, alishuka karibu jiwe lote kuyatafuta. Mei 2020, ziwa lilipofika tena kiwango cha 1964, alikuwa mzee wa fimbo, akashikwa mkono na mjukuu kwenda kuiona alama yake ya juu ikilowa. Aliwaeleza wote waliokuwa tayari kusikiliza kwamba sehemu kubwa ya maji ya ziwa hili hutoka kwenye mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, kwamba mito inachangia kidogo tu, na kwamba mlango wa kutokea ni mmoja, Mto Nile kule Jinja. Hakufundishwa chuoni. Alisoma, akauliza, akapima.

Humo humo daftarini mtaona furu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, wakipotea. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950, lakini hapa Ghuba ya Mwanza tulikuja kumwona kwa wingi miaka ya 1980. Kurasa za mwanzo zimejaa furu, kisha ningu na furu wachache, kisha sangara, sangara, sangara. Yeye aliandika kwa masikitiko, ingawa mjini watu walikuwa wakishangilia minofu na viwanda. Alikuwa mvuvi wa ndoano wa kweli, wa asubuhi na mapema mawe ya Capri Point yakiwa bado na baridi, na sato asiyefika sentimita 25 alimrudisha majini hata kama nyumbani mboga ilikuwa haba. Wifi yangu aligombana naye kwa hilo. Nilikuwa upande wa wifi yangu wakati ule, na sasa niko upande wa mdogo wangu.

Kuna mkwe wetu mmoja aliyeniambia kwa heshima zote, "Shangazi, mzee alikuwa na nafasi. Maisha ya sasa ni ya mbio." Hili silikubali, na nataka mlisikie vizuri. Vyama vya ushirika vilipovunjwa nchini mwaka 1976, baba yenu alikaa bila kazi, na wakubwa kati yenu mlikuwa mnaanza shule. Mlikula nini? Mlikula sato wa ndoano ile ile. Sare mlishonewa kwa fedha za redio, maana alikuwa amejifunza kuzifungua na kuzitengeneza kwa sababu tu alipenda kujua sauti inatoka wapi. Watu walimletea redio kutoka Igogo hadi Kirumba. Wakati wa vita vya Kagera uwanja wetu ulijaa majirani jioni wakisikiliza taarifa ya habari kwenye redio aliyoikusanya mwenyewe kwa vipuri vya redio zilizokufa. Machi 1979, ndege ya adui iliyokuja kupiga mji wetu ilikosa shabaha, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala. Usiku ule alilala nje ya mlango, ninyi mkiwa ndani, redio sikioni. Mtu huyo hakuwa na nafasi. Aliitafuta.

Bao sitalisemea sana, kwa kuwa wengi wenu mnalicheza bado, japo kwa papara. Yeye alicheza bao la kete la watu wa pwani na isolo ya wazee wetu, na alikasirika mtu akizichanganya. Timu ya Pamba nayo mnaijua. Alikuwepo timu ilipochukua ubingwa wa ligi mwaka 1990, akakaa nayo miaka yote iliyoshuka daraja, na Mungu alimjalia kuiona ikirudi Ligi Kuu mwaka 2024. Skafu ya Lindanda, kama tunavyoiita Pamba, aliyovaa ndiyo hiyo inayoning'inia nyuma ya mlango wa stoo. Apewe mjukuu wa kike anayekwenda uwanjani, si mwingine. Na kila Juni, ikifika Bulabo, sikukuu ya ngoma za Kisukuma, aliwapeleka Bujora kuwaona Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya wachezaji, wakishindana. Pelekeni watoto wenu. Wale wa Dar es Salaam wamenionyesha ngoma ya nyoka kwenye simu wakidhani ni ya nchi nyingine.

Sasa picha, ambazo ndizo hasa zimenifanya niandike. Alipiga picha tangu ujana, nyingi bandarini, kwa kuwa alipenda meli na alipenda zaidi nyuso za watu wanaosafiri. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, ikabeba mamia ya watu wetu, msiba uliingia karibu kila mtaa wa mji huu. Baada ya miezi kadhaa alikuja mama mmoja, mtu tusiyemjua, ameambiwa kuna mzee ana picha za gatini. Alikuwa hana picha hata moja ya binti yake. Baba yenu alikesha akipitisha negativu kwenye mwanga wa taa, mkasi mkononi, dada yenu mkubwa akimsaidia. Wakampata binti wa yule mama, safari ya nyuma, amebeba kapu la ndizi kichwani akicheka. Aliisafisha picha kwa fedha yake, akampelekea yule mama nyumbani kwake. Baada yake walikuja wengine, na si wote waliopata. Kwa hiyo mtu akiniambia hobi za mzee zilikuwa za kupotezea muda, namrudisha kwa mama yule.

Picha hizo zimo kwenye makopo na mifuko mle stoo, na hazina majina. Wengi waliomo wamekufa. Anayewatambua sasa ni wifi yangu, ambaye macho yake yanafifia, na mimi. Hatuna miaka mingi. Nyumba inaweza kupangishwa mwakani, lakini majina hayo tukiondoka nayo hakuna atakayewapa.

Basi fanyeni hivi. Njooni siku tatu kabla ya arobaini, na watoto wenu. Wenye kazi waombe ruhusa, kama walivyoomba kwa harusi. Toeni vitu nje kivulini kimoja kimoja. Picha zilizogandana msizivute kwa nguvu, ziacheni pembeni tutafute fundi. Zilizo kwenye mifuko ya nailoni zitoeni humo, mifuko hiyo inafuga unyevu na ukungu, mziweke kwenye bahasha za karatasi ndani ya sanduku lisilokaa sakafuni. Negativu zisitupwe hata zile mnazodhani zimeharibika. Ndoano na nyuzi achukue anayevua, vifaa vya redio achukue yule kijana wa chuo cha ufundi cha VETA, bao libaki kwa mama yenu kwa sababu wageni bado wanakuja kumfariji na watahitaji cha kufanya.

Wasifu pia uandikwe upya kabla haujawekwa kwenye kitabu cha ukoo. Kila mmoja aandike siku moja aliyoitika "Nani anakuja?" Wajukuu waandike wenyewe, wasiandikiwe.

Mimi na wifi yangu tutakaa barazani tangu asubuhi, mtuonyeshe picha moja moja nasi tutaje. Leteni penseli laini, maana kalamu ya wino inakwaruza na kupenya upande wa mbele. Michembe ya viazi vitamu nimeshaagiza Kisesa.

Shangazi yenu,
Pasiansi, Mwanza