Betri zote zimeandikwa 5000: tunavyoijaribu simu ya bei kubwa kabla hujailipia

Mama mmoja anayeuza vitenge hapa Ngamiani, Tanga, aliweka maboksi mawili juu ya kaunta yetu. Moja lilikuwa la Samsung Galaxy S25 Ultra, jingine la simu ya bei ya kawaida, ya aina aliyoizoea. Akayageuza yote mawili, akasoma maandishi ya nyuma taratibu, kisha akaniangalia.

"Mwanangu, hii bei yake inakaribia pikipiki. Hii nyingine haifiki hata robo. Mbona betri zote mbili zimeandikwa 5000?"

Nilimwambia, "Mama, umeuliza swali ambalo wengi hulikumbuka wakishalipa." Jibu lake nalitoa hapa kwa kirefu, kwa sababu kila wiki tunakutana na mtu aliyedunduliza miezi mingi ili apate simu ya daraja la juu, na anachokijua juu yake ni namba tu.

Namba 5000 haidanganyi. S25 Ultra, iliyotoka mwanzoni mwa mwaka 2025, ina betri ya mAh 5000. Galaxy A15 ya mwishoni mwa 2023, ambayo ni ya bei nafuu, nayo ina 5000. Lakini mAh ni ujazo wa dumu, haikuambii injini inakunywa kiasi gani. Wape manahodha wawili wa pale Deep Sea dumu moja moja la mafuta, boti zao zikiwa na injini tofauti na mizigo tofauti, halafu uone nani atarudi akipiga makasia.

Kwenye simu, wanywaji wakubwa ni watatu: kioo, prosesa (ubongo wa simu) na mtandao. Kioo cha S25 Ultra ni cha inchi 6.9 na kinaweza kujichora upya mara 120 kwa sekunde, lakini ukiwa unasoma ujumbe tu kinashuka hadi mara 1. Prosesa yake, Snapdragon 8 Elite, imetengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 3, kwa hiyo kazi ndogo ndogo inazifanya kwa umeme kidogo. Hapo dumu linadumu. Sasa itoe nje saa saba mchana. Ili uweze kusoma kwenye jua, kioo kinapandisha mwanga hadi kufikia niti 2600 (niti ni kipimo cha mng'ao wa kioo), na huo mwanga unalipiwa na betri. Ukienda shamba ambako mnara uko mbali, simu inapaza sauti kuutafuta, na hiyo nayo inalipiwa.

Ndiyo maana hatuijaribu betri chini ya feni ya dukani. Tunaweka laini ya mteja mwenyewe na bando lake, tunajaza chaji hadi 100, halafu simu inashinda naye siku nzima akiendelea na shughuli zake. Jioni tunafungua mipangilio ya betri na kuangalia kioo kiliwaka kwa saa ngapi na ni programu gani iliyokula zaidi. Siku mbili za kwanza usizihukumu sana. Simu mpya huwa inashusha apdeti, inapanga picha zako na kuzirudisha meseji za WhatsApp, na kazi zote hizo zinakula chaji. Hukumu kuanzia siku ya tatu.

Kuhusu kuchaji, jambo moja huwakera wateja na ni bora walijue mapema: ndani ya boksi la S25 Ultra kuna waya, kichwa cha chaji hakimo. Simu inapokea hadi wati 45, na Samsung wenyewe wanasema kwa kichwa cha wati 45 inafika karibu asilimia 65 kwa nusu saa. Ukichomeka kichwa cha zamani cha nyumbani, kasi hiyo usahau. Kwa mji ambao umeme unaweza kurudi kidogo na kukatika tena, nusu saa hiyo ina thamani kubwa, kwa hiyo ingiza bei ya kichwa halisi kwenye hesabu yako tangu mwanzo.

Halafu joto. Samsung wanasema simu zao zimetengenezwa kutumika penye joto kati ya nyuzi 0 na 35. Wakati wa kaskazi, mji wetu unaukaribia mpaka huo kivulini, achilia mbali kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa au kwenye usukani wa bodaboda. Betri za lithiamu huzeeka haraka zikikaa kwenye joto, na zaidi zikikaa kwenye joto huku zimejaa pomoni. Ukilala na simu kwenye chaji chini ya mto, unaichosha. Ingia kwenye ulinzi wa betri, uiambie iishie asilimia 80, na uiache juu ya meza. Sisi ndio tunaobadilisha betri zilizovimba, tunajua zinatoka wapi.

Kamera ndiyo inayouza simu hizi, na ndipo watu wanapopotea zaidi.

Mteja anaona megapikseli 200 za kamera kuu ya S25 Ultra na anadhani atapata picha yenye ubora mara nne ya ile ya megapikseli 50. Ukweli ni kwamba ukipiga kawaida, S25 Ultra inakupa picha ya megapikseli 12. Vitone vya sensa, yaani kile kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga, ni vidogo mno, na kila kimoja peke yake kinapata mwanga haba, kwa hiyo simu inaviunganisha 16 kuwa kimoja. Hiyo ni kazi nzuri, siyo ujanja. Ila ina maana kwamba simu ya bei ya kati iliyoandikwa 108 inaweza kushindwa vibaya na ya 50 yenye sensa kubwa na lenzi nzuri. Uliza ukubwa wa sensa kabla ya kuuliza megapikseli.

Tuna vipimo vyetu. Cha kwanza ni kanzu. Msimamishe kijana mweusi aliyevaa kanzu nyeupe nje saa sita mchana, umpige picha. Kamera dhaifu inachagua upande: ama kanzu inaungua na kuwa karatasi tupu, mshono hauonekani, ama uso unazama gizani. Kamera nzuri inakupa darizi za kanzu na uso wa mtu pamoja. Nalisema hili kwa uzito, kwa sababu kwa miongo mingi filamu na kamera zilirekebishwa kwa kupima ngozi nyeupe, na sisi tukazoea kutoka kwenye picha tukiwa macho na meno. Makampuni yameanza kulishughulikia. Google walipotoa Pixel 6 mwezi Oktoba 2021 walikuja na mfumo waliouita Real Tone kwa ajili hiyo hasa. Lakini usiamini tangazo. Piga picha ya mama yako, halafu angalia kama rangi ile ni yake au kamera imempaka unga.

Cha pili ni bahari. Tunatembea hadi Bustani ya Jamhuri, mtu anakaa kivulini na bahari inang'aa nyuma yake. Hapo hapo tunavuta Kisiwa cha Toten kwa zumu. S25 Ultra ina lenzi mbili za kuvuta, moja ya mara 3 yenye megapikseli 10 na nyingine ya mara 5 yenye megapikseli 50. Kwenye mara 5 ni lenzi yenyewe inayofanya kazi, na miti ya kisiwani unaiona kama miti. Ukiendelea hadi mara 100, ambayo ndiyo huandikwa kwa herufi kubwa, simu inakisia zaidi kuliko inavyoona. Zumu ya simu yoyote ihukumu kwa lenzi iliyonayo.

Cha tatu ni usiku wa harusi, na hiki ndicho kigumu. Taa za rangi, watu wanacheza, bibi harusi anaingia taratibu kisha ghafla kila mtu anainuka. Kamera ya usiku inapenda utulivu, kwa sababu inakusanya picha kadhaa na kuzipandanisha kuwa moja. Mtu akisogea, mkono unakuwa na ukungu. Mwache mtoto wa ndugu yako akimbie sebuleni chini ya taa moja, umpige picha kumi. Hesabu ngapi zimetoka safi. Jaribio hilo litakufundisha kuliko video kumi za TikTok.

Kuhusu kasi sina mengi. Simu yoyote ya daraja hili inafungua kila kitu upesi dukani, na dakika mbili hazikuambii lolote. Cheza eFootball au PUBG kwa nusu saa mfululizo, au rekodi video ya 4K juani kwa dakika kumi na tano, kisha uone kama inaanza kukwama na kama unaweza kuishika. Prosesa yoyote ikipata joto inajipunguza kasi ili isijiunguze. Unachonunua kwa bei kubwa ni uwezo wa kuchelewa kufika hapo.

Kuna namba moja kwenye simu hii ambayo nadhani ina uzito kuliko megapikseli 200, nayo ni miaka 7. Samsung wameahidi kuipa S25 Ultra apdeti kwa miaka saba, yaani mpaka 2032. Kama wewe ni mtu wa kukaa na simu mpaka iishe, gawanya bei kwa miaka hiyo, uongeze betri mpya katikati, na ulinganishe na kubadilisha simu nafuu kila baada ya miaka miwili. Kama unabadilisha kila mwaka, hesabu hiyo haikuhusu.

Usiogelee nayo Raskazone. Alama ya IP68, ile ya kustahimili maji na vumbi, imepimwa kwa maji yasiyo na chumvi, mita 1.5 kwa dakika 30. Maji ya chumvi ni habari nyingine, na tundu la chaji lililoliwa na chumvi tunaliona hapa kila mara. Na popote utakaponunua, kwetu au kwa jirani, bonyeza *#06#, linganisha IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, na ya kwenye boksi, kisha itume kwa meseji kwenda 15090 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Wanaokumbuka Juni 2016, simu bandia zilipozimwa, hawahitaji kuelezwa sababu.

Mama wa vitenge alirudi kesho yake na vitenge vitatu: cha zambarau, cha kahawia iliyoiva, na cha buluu ya giza. Tukavitandaza mlangoni, tukapiga kwa simu zote mbili, tukatuma kwenye WhatsApp yake kama anavyowatumia wateja wake. WhatsApp hubana picha usipochagua HD, na kwa mwanga wa asubuhi tofauti tuliyoiona ilikuwa ndogo. Ndani, chini ya taa ya tyubu, ilikuwa kubwa: kwenye simu ndogo maua ya kile cha buluu yalipotea. Nikamuuliza, "Mama, mzigo wako unaupiga picha saa ngapi?" Akasema asubuhi, kabla ya kufungua.

Siku hiyo hiyo kijana anayepiga picha za harusi alichukua S25 Ultra, baada ya kushinda nayo ukumbini Jumamosi nzima akivuta nyuso kutoka viti vya nyuma. Mama alichukua ile ya kawaida, na pesa iliyobaki akaongeza mzigo. Ila alituagiza tumtafutie taa nzuri nyeupe ya kuning'iniza juu ya meza yake, kwa ajili ya kile cha buluu. Imefika leo, nimemwekea chini ya kaunta.