Kaunti iwape kandarasi vijana wanaozoa taka Mathare

Kwa Mhariri,

Kila baada ya miezi michache hutangazwa mpango mpya wa kuwainua vijana wa mitaa ya mabanda. Hema hupigwa, viti vya plastiki hupangwa, tisheti hugawiwa, mheshimiwa hupigwa picha akiwa ameshika ufagio, na kabla ya saa nane msafara umeshaondoka. Naandika kuhusu vijana wasiongoja hema, wale wanaozoa taka mlango kwa mlango hapa Mathare, Huruma na Mlango Kubwa. Wanaifanyia Kaunti ya Nairobi kazi yake, na kaunti haiwalipi hata ndururu.

Nasema ni kazi ya kaunti kwa sababu Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imekabidhi serikali za kaunti uzoaji wa taka na usimamizi wa majaa. Sheria ya taka ya mwaka 2022 ikaongeza uzito: taka zitenganishwe zinakotoka na kaunti ziwe na vituo vya kupokea zile zinazoweza kutumika tena. Hayo yako kwenye karatasi. Ukiteremka kutoka Juja Road kuelekea mtoni, hukuti kituo wala lori. Vichochoro vyetu ni vyembamba kiasi kwamba watu wawili wenye mitungi ya maji wakikutana, mmoja lazima arudi nyuma. Anayepita hapo na gunia la taka mgongoni ni kijana wa mtaa.

Jumamosi asubuhi utawasikia wakipiga mayowe "Taka! Leteni taka!" kabla hujatandika kitanda. Wawili hubeba magunia, mmoja huvuta mkokoteni, na mweka hazina wa kikundi chao, msichana aliyemaliza kidato cha nne, hufuata nyuma na daftari. Daftari hilo nimelishika mikononi. Kila ploti, yaani jengo la vyumba vya kupanga, ina ukurasa wake na kila mlango una nambari yake. Aliyelipa ana tiki. Asiyelipa ameandikiwa sababu kwa kalamu nyekundu: "amefiwa", "atalipa tarehe tano", "amehama usiku". Ada ya mwezi mzima haifiki bei ya pakiti ya unga, lakini katika mtaa ambao watu huishi kwa kibarua cha siku, hata hiyo hukusanywa kwa kubembelezana.

Magunia yakijaa, huchambuliwa. Chupa za plastiki, vyuma na mitungi mibovu huuzwa kwa kilo kwa madalali. Yanayobaki ni maganda, majivu, nepi na mabaki ya vyakula, vitu visivyo na mnunuzi. Hapo ndipo kazi yote inapokwama. Kuyafikisha kwenye jaa la Dandora kunahitaji lori la kukodi, na pesa za lori huzidi mapato ya wiki. Kwa hiyo taka zilizotolewa mlangoni kwangu kwa jasho huishia ukingoni mwa Mto Mathare, umbali wa kutupa jiwe. Vijana wenyewe hawalipendi jambo hilo. Wanaishi huko huko chini, na mvua za Aprili 2024 zilipoufanya mto uvunje kingo zake, maji yaliingia kwao kwanza na majirani zao wakapoteza maisha. Baadaye tingatinga likaja kubomoa nyumba za waliobaki. Lori la taka halikuja.

Watu wengi wakisikia "kuwawezesha vijana" hufikiria semina. Mimi nimeona vijana wakiwezeshwa na hicho kikundi cha taka, tena pasipo mwezeshaji kutoka nje. Kina katiba yake ya kurasa mbili. Asiyefika Jumamosi bila sababu hutozwa faini. Akaunti yao ya benki ina watia sahihi watatu, na pesa hazitoki mmoja akikataa. Humo ndimo kijana aliyeacha shule darasa la nane amejifunza kuandika kumbukumbu za mkutano, kusoma taarifa ya benki na kumwambia mwenzake mbele ya wote kwamba hesabu zake haziingiani. Kutoka mfuko huo mmoja wao amelipiwa shule ya udereva, mwingine amenunuliwa vifaa vya ususi, na mwenzao alipofariki walichanga wakausafirisha mwili hadi nyumbani kwao Siaya. Hivi ni vitu ambavyo mradi wa miezi sita hauwezi kuvinunua.

Wala si jambo geni hapa kwetu. Chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, kilianzishwa mwaka 1987, na ligi yake ikaweka sheria ambayo hadi leo naiona kuwa ya busara sana: timu iliyofanya usafi mtaani hupewa pointi kwenye msimamo wa ligi. Pointi hizo zilikuwa 6, mara mbili ya ushindi wa mechi. Mtoto akaelewa mapema kwamba huwezi kuwa bingwa huku mtaro wa kwenu umeziba. Kutoka mizizi hiyo ilichipuka Mathare United, iliyotwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2008. Kule Korogocho, kikundi cha Komb Green kilianza mwaka 2017 kusafisha ukingo wa Mto Nairobi uliokuwa jaa na maficho ya wahalifu. Baadhi ya walioshika majembe walikuwa wametoka katika uhalifu huo huo. Leo pana bustani, miti na watoto wanaocheza.

Serikali nayo imewahi kujaribu. Kazi Mtaani ya mwaka 2020, wakati wa korona, iliajiri zaidi ya vijana 250,000 nchini, na katika awamu ya pili kibarua alilipwa shilingi 455 kwa siku. Sitaibeza. Niliona familia zikila kwa pesa hizo, na mitaro iliyoziba kwa miaka ikafunguka. Lakini mpango ulimwajiri kijana mmoja mmoja na kuvipita vikundi. Hapa mtaani baadhi ya vikundi vilipoteza watu kwa sababu kibarua cha serikali kililipa vizuri zaidi. Pesa zilipokauka, vijana walirudi na kukuta ploti zao zimechukuliwa na wengine, madaftari yamepotea na wateja wamezoea kutupa taka mtoni. Ilichukua muda mrefu kurudisha imani ya wapangaji, na kuna vikundi ambavyo havikurudi kabisa.

Ninapotoa hoja hii huambiwa kwamba vikundi vya vijana ni magenge yanayongoja uchaguzi. Nimeishi hapa muda wa kutosha kujua kwamba hofu hiyo ina chanzo. Mwaka 2006 magenge mawili, Mungiki na lile la hapa Nairobi lililojiita Taliban, yaligeuza Mathare uwanja wa vita, nasi tukalala vichakani na kwenye uwanja wa kambi ya jeshi la anga la Moi, Eastleigh. Lakini tuulizane ni kijana yupi hununulika kwa shilingi mia mbili na pombe. Ni yule asiye na daftari wala ploti za kuhudumia, asiye na cha kupoteza mkutano ukigeuka fujo. Kijana anayedaiwa hesabu na wenzake Jumamosi hapatikani kirahisi Ijumaa usiku. Polisi nao wangekuwa na sababu ndogo ya kumkamata kwa kosa la kusimama kijiweni kama angevaa kizibao chenye nambari ya kandarasi ya kaunti. Mama yeyote mwenye kijana wa kiume Mathare ataelewa kwa nini nimelitaja hili.

Huambiwa pia kwamba mlango uko wazi, kwani asilimia 30 ya zabuni za serikali zimetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Ni kweli zimetengwa. Lakini zabuni hudai cheti cha kodi, usajili wa kampuni na, zaidi ya yote, mtaji wa kufanya kazi kwa miezi huku ukingoja malipo. Makandarasi wakubwa wa Nairobi wanalia kwamba kaunti haiwalipi kwa wakati. Kikundi chenye mkokoteni mmoja kitangoja na nini? Anayefaidi utengaji huo mara nyingi ni mwenye kampuni ya mfukoni anayejua ofisi za City Hall, makao makuu ya kaunti, si yule anayeamka saa kumi na moja kuvuta taka zetu.

Ninachoomba hakihitaji mabilioni. Kaunti iketi na vikundi vya kila wadi, iandike ramani ya nani anahudumia ploti zipi, na iwape kandarasi ndogo za mwaka mmoja mmoja, zinazolipwa kila mwezi kwa idadi ya milango iliyohudumiwa. Madaftari yapo, hesabu zitakaguliwa. Itenge mahali pa kukusanyia taka kando ya barabara na ilete lori siku mbili kwa wiki, siku zinazojulikana, ili mkokoteni usiwe na sababu ya kugeukia mtoni. Na kipande cha ardhi ambacho kikundi kimekisafisha na kukipanda miti kiandikwe kuwa cha umma, kwa barua yenye muhuri. Tumeona viwanja vikisafishwa na vijana kwa miaka kisha vikazungushiwa mabati usiku na mtu mwenye hatimiliki ambayo hakuna aliyeijua.

Wanaojitolea kutoka nje, makanisa, misikiti na mashirika, nao nawaomba wawaulize vijana kwanza wana nini tayari. Kikundi cha jirani kilishaletewa mapipa ya rangi tatu ya kutenganisha taka. Mapipa ni mazuri, lakini walichohitaji ni magurudumu mawili ya mkokoteni.

Kabla ya bajeti ya kaunti kupitishwa mwezi Juni, sheria inataka wananchi wasikilizwe. Naomba kikao cha wadi zetu kisifanyiwe hotelini mjini. Kifanyiwe Mabatini, Jumamosi, baada ya saa nne wakati mikokoteni imesharudi, na afisa wa mazingira aje na jibu moja: lori litafika siku gani?

Mkazi wa Mathare,
Nairobi