Je, Sindano ya Ganzi ya Mgongo Ndiyo Iliyonipunguzia Nguvu za Kiume?

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mwanamume wa miaka 43, nina mke na watoto, na kabla ya ajali iliyonivunja mfupa wa paja sikuwahi kupata tatizo lolote la nguvu za kiume. Mfupa uliungwa kwa kupitishiwa chuma ndani yake, na upasuaji ulifanyika nikiwa macho, kwa sindano ya ganzi iliyochomwa kwenye uti wa mgongo. Mguu umepona na natembea bila mkongojo. Lakini tangu nitoke wodini, uume wangu hausimami kama zamani: mara husimama nusu na kulegea kabla ya tendo, mara hauitiki kabisa, ingawa hamu ninayo. Sasa zaidi ya mwaka umepita, daktari wa mifupa amesema chuma kinaweza kutolewa, na nimetakiwa kuchagua kati ya sindano ileile ya mgongo na nusu kaputi. Hapo ndipo nilipokwama.

Wachache niliowadokezea habari hii wote wametoa hukumu moja, kwamba sindano ya mgongo humaliza wanaume, na kwamba nikichomwa tena nitakuwa nimejizika mwenyewe. Mke wangu pia anaamini hivyo. Mimi sijashawishika. Mishipa ya fahamu inayosimamisha uume hutoka sehemu ya chini kabisa ya uti wa mgongo, na ni kweli kwamba dawa ya ganzi kama bupivakaini huizima pamoja na ile ya miguu. Lakini huizima kwa saa chache tu, kisha mwili huiondoa dawa hiyo. Jioni ya siku ileile nilikuwa nachezesha vidole vya miguu. Dawa iliyoachia miguu yote miwili ingewezaje kung'ang'ania sehemu moja tu kwa zaidi ya mwaka? Ninafahamu kwamba, kwa nadra sana, sindano hiyo inaweza kujeruhi mishipa yenyewe, lakini nimeelezwa kwamba jeraha la namna hiyo kwa kawaida huambatana na udhaifu wa miguu au kushindwa kuzuia mkojo na choo, na mimi sina hata kimoja kati ya hayo.

Jambo linalonishughulisha zaidi ni lile ambalo hakuna aliyenitajia. Ili mfupa wa paja unyooke, nililazwa juu ya meza maalumu ambayo mguu huvutwa kwa nguvu, na katikati ya mapaja huwekwa nguzo yenye mto ili mwili usiteleze kuufuata mguu. Nguzo hiyo hukandamiza msamba, na hapo ndipo unapopita mshipa wa fahamu unaohudumia ngozi ya msamba na ya uume. Baada ya upasuaji ngozi ya sehemu hizo ilikuwa imekufa ganzi kwa wiki kadhaa, nami nikadhani ni masalio ya ile sindano. Baadaye nimesoma kwamba kubanwa kwa mshipa huo ni athari inayojulikana ya meza za namna hiyo, kwamba walio wengi hupona baada ya wiki au miezi, na kwamba wapo ambao kusimama kwa uume huvurugika pia. Hisia za ngozi zimenirudia. Hicho kingine hakijarudi. Wodini niliulizwa kila siku kuhusu homa, mkojo, choo na maumivu. Kuhusu hili sikuulizwa hata mara moja, na karatasi ya kuruhusiwa haisemi neno.

Halafu kuna vidonge. Wakati wa kuandaliwa kwa upasuaji niligundulika kuwa na shinikizo la juu la damu, nikaanzishiwa atenololi, ambayo natumia hadi leo. Kwa ajili ya maumivu nilitumia tramadoli kwa miezi, kisha nikaongezewa amitriptilini ya kumeza usiku, nayo bado naimeza. Zote tatu zimetajwa kuwa zinaweza kupunguza nguvu za kiume kwa baadhi ya watu, na shinikizo lenyewe huharibu mishipa ya damu inayojaza uume. Sukari yangu ilipimwa ikaonekana sawa. Nilitamani kuacha atenololi, ila mfamasia alinionya kwamba kuikatisha ghafla kunaweza kuushtua moyo na kuleta maumivu ya kifua, basi naendelea.

Niseme pia kwamba alfajiri nyingine huamka uume ukiwa umesimama vizuri, jambo linalonipa matumaini kwamba mishipa haijafa, na linalonifanya nishuku kwamba hofu nayo ina sehemu yake. Kila nikimkaribia mke wangu, mawazo huenda kwenye kujipima kabla ya kwenda kwake. Yeye hanilaumu, husema tunaweza kuishi hivi hivi kama kaka na dada. Huruma hiyo ndiyo inayoniumiza kuliko lawama.

Rafiki mmoja amenipa vidonge vya sildenafili. Sijavimeza, kwa sababu najua ni hatari kwa mtu anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti, na ingawa situmii hizo, sitaki kuchanganya dawa bila kupimwa.

Naomba ushauri wako nianzie kwa nani: daktari wa mifupa, mtaalamu wa usingizi, au daktari wa mfumo wa mkojo na uzazi wa kiume? Je, ni busara kumwomba daktari anibadilishie atenololi na amitriptilini kwanza, ili tuone kama hali itabadilika, kabla ya kupima homoni na mishipa? Katika kutoa chuma, je, mguu huvutwa tena kwenye meza ileile, na mgonjwa anaweza kuomba nguzo isitumike bila kuonekana anamfundisha daktari kazi? Na kuhusu ganzi, je, nusu kaputi ina nafuu yoyote kwa tatizo langu, au nichague kwa kuangalia shinikizo la damu pekee? Chuma chenyewe hakinisumbui, kwa hiyo kama ushauri wako ni kuahirisha upasuaji hadi nichunguzwe, niko tayari kuahirisha.

Wako,
Msomaji anayeomba jina lake lihifadhiwe